Edwin Wabuge Khisa, Mlinzi wa Mifumo Asiyetulia (1974–2025)

Kila asubuhi, kabla chai haijaiva, Edwin Wabuge Khisa alifungua kompyuta na kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala za akiba za ofisi, aone kama itafunguka. Ikifunguka, hakufurahi. Alitafuta nyingine. Hata Krismasi, wageni wakiwa sebuleni, alifanya hivyo akiwa amesimama.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1974 mtaani Pioneer, Eldoret, mtoto wa pili wa Mzee Khisa Mabonga, karani aliyetoka Bungoma kutafuta kazi, na Mama Rasoa Musimbi, muuzaji nguo sokoni.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Pioneer, akamaliza sekondari Bungoma mwaka 1992, kisha akasomea kompyuta Nairobi hadi 1998. Redio ya babake aliifungua mara nyingi mpaka mzee akaificha juu ya kabati.

Mwaka 2000 aliajiriwa kulinda mifumo katika kituo kimoja cha serikali cha kuhifadhi data, hapa Eldoret. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Desemba, alimwoa Chepkorir, mwalimu kutoka Sugoi. Siku ya kuposa, baba mkwe, Mzee Joseph, alimuuliza kazi yake.

"Nalinda kompyuta," akajibu.

"Na rungu uko nayo? Ama hiyo mnaachia mbwa?"

Wazee walicheka. Edwin alianza kueleza, na hakunyamaza mpaka chakula kikapoa.

Kazini, mitambo ilizeeka huku wadukuzi wakizidi ujanja. Mfanyakazi akisahau neno lake la siri, aliulizwa jina la mamake na shule yake ya kwanza, basi, akafunguliwa. Kwa miaka mingi Edwin aliomba maswali hayo yaondolewe.

"Wabuge, hii kitu inafanya kazi," mkuu wake alimwambia. "Tungoje bajeti."

Mei 2023, wadukuzi waliingia kupitia akaunti ya mwenzake, Kigen, wakaanza kufunga rekodi za wananchi. Kigen alikuwa ametoka kumzika mamake. Programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na wasifu wa marehemu, yenye majina yote ya mama na shule aliyofundisha, ambako watoto wake wote walianzia masomo, ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Edwin alichomoa nyaya za mitambo bila kungoja ruhusa. Rekodi nyingi ziliokolewa; nyingine hazikurudi.

"Ni mimi nimewaletea hii shida," Kigen alisema.

"Wewe ulimzika mama tu," Edwin akamjibu, akarudi kwenye nyaya zake.

Tangu hapo hakukaa vizuri kwenye mazishi ya mtu. Aliwaendea wafiwa na kuwasihi wapunguze majina kwenye programu. Wengine walimsikia, wengine wakamwona mtu wa kuvuruga matanga. Mama Rasoa alisikia habari hizo. Oktoba 2024, Edwin alipopatikana na saratani ya ini, mama alimwita Chepkorir jikoni.

"Huyu nilimzaa mimi," alisema. "Mkisoma mambo yake mazishini bila jina langu, watu watasema nilimwokota."

Akiwa kitandani, Edwin aliendelea kupiga simu ofisini kuuliza kama yale maswali yameondolewa. Aliambiwa bado. Akalala kidogo, akapiga tena. Alifariki nyumbani Yamumbi, Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, simu ikiwa kifuani.

Ameacha mama yake, Mama Rasoa. Mjane wake, Chepkorir. Watoto wake, Linah na Austine. Na ndugu yake, Lenny. Mungu ampe utulivu ambao kazi yake haikumpa.

Linah ndiye aliyepewa jukumu la kuandika maneno haya. Wiki ile ya mwisho, kando ya kitanda, alimuuliza babake swali moja tu: jina la nyanya lisomwe au liachwe?

"Lisome," alisema Edwin. "Mfumo ndio ulipaswa kubadilika, si mama."