Mlio Mmoja Mzima, Miwili Njoo

Benchi letu liko Chang'ombe ya Dodoma, barazani kwa duka la Gulzar, na mtu asikudanganye kwamba tunakaa pale kwa sababu ya kivuli. Tunakaa kwa sababu ya kahawa ya Makame na kwa sababu ya msumari. Msumari umepigiliwa kwenye nguzo ya pembeni, kimo cha bega, na ni hapo tu simu ya Makame inapokamata mtandao. Ukiisogeza kidogo kuelekea dukani, inakufa. Basi inaning'inia hapo kutwa, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi, uso umegeukia nguzo, na sisi tumejifunza kunywa kahawa huku sikio moja liko msumarini. Makame hapigi simu. Laini aliinunua kwa kazi moja: binti yake Nasma, aliyeolewa Haneti, ana mimba ya kwanza na miezi imetimia. Nasma hana simu. Anaazima ya mwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine ameruhusu kubipu tu, basi. Baba na binti wakapatana: mlio mmoja, mimi mzima, miwili, baba njoo. Sheria kuu ikawa kutopokea. Siku ya kwanza Makame alifurahi akapokea, salio la mwenye mashine likaliwa, na Nasma akanyimwa simu mpaka mumewe alipokwenda kuomba radhi na kuku mkononi. Tangu hapo, anayenyoosha mkono kuelekea msumarini simu ikilia anapigwa kofi.

Alasiri ile upepo ulikuwa ule wetu wa Dodoma, unaokulisha mchanga pamoja na kashata. Makame aliniita kabla hata sijakaa.

— Mwalimu, kuna maandishi yameingia. Nisomee, lakini usiiteremshe.

Nikasoma shingo imepinda, shavu kwenye nguzo. Mimi simu sina. Chuo kikuu hakikunipa simu, kilinipa tabia ya kusahihisha watu kimoyomoyo. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yenye adabu nyingi.

— Kampuni inakushukuru kwa kuwa mteja wake mpendwa, nikasema. — Halafu inasema kesho inaifunga laini yako.

— Inanishukuru halafu inanifungia?

— Kama hutaweka vocha. Muda wa ile ya kwanza umekwisha.

— Lakini sijaitumia! Imo humo humo!

— Wanahesabu siku, mzee. Hawahesabu maneno.

Makame akaifuta meza yake ndogo ambayo ilikuwa safi.

— Sasa hilo nalo la kuumiza kichwa? Weka vocha nyingine, mzee, yaishe!

Huyo ni Rahimu, muuza spea za baiskeli. Tunamwita Antena. Simu yake anaivaa mkandani ndani ya kikoba cha ngozi, na hukaa upande upande ili wapita njia wakione kikoba kwanza, yeye baadaye.

— Vocha ndogo kuliko zote imepimiwa mtu mwenye maneno mengi, akasema Makame. — Mimi maneno sina. Gulzar! Huna nusu?

Gulzar akachungulia kwenye wavu wa duka lake. Vocha zilikuwa zimebanwa kwenye kamba nyuma yake kama nguo za mtoto.

— Nusu ya nini?

— Ya vocha.

— Makame, hii si sukari.

— Ndiyo nashangaa. Sukari unanipimia robo. Mafuta ya taa unanipimia kibaba. Majani ya chai unanifungia kwenye kikaratasi. Simu peke yake ndiyo lazima nibebe gunia?

— Mimi nauza tu, bwana. Nenda kawaulize wanaotengeneza.

Makame akagusa mfuko wa shati. Sote tunajua kilichomo. Ni nauli ya Haneti, aliyoitenga tangu mimba ilipoanza kuonekana, na haijawahi kulala mahali pengine.

— Nikikwangua vocha, sina nauli, akasema polepole, kama mtu anayejisomea. — Nikiishika nauli, laini inafungwa. Nasma ataita, mimi nitakuwa hapa nauza kahawa na kucheka nanyi.

Hapo ndipo Waziri alipokohoa. Jina lake Swalihu. Alikuwa karani wa shirika la umma mpaka shirika likauzwa, yeye akapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Bado anaongea kama anayesubiriwa na waandishi wa habari.

— Ndugu zangu, suala hili ni la kisera. Zamani ilikuwa kampuni moja, unajaza fomu, unasubiri miaka, unazeeka, lakini ukiipata simu ni yako. Sasa tumeingia soko huria. Kampuni ni nyingi. Kinachotakiwa ni Makame atafute ile inayomjali mtumiaji mdogo.

— Ipi hiyo? nikauliza.

— Utafiti bado unaendelea.

— Utafiti gani, Waziri! akadakia Antena. — Nimeshatumia laini zao zote. Mzee, nisikilize mimi. Unanunua laini ya kampuni ile ya zamani, inakamata hadi porini. Ya pili ya ile mpya, bei yake nafuu jioni. Ya tatu unaiweka akiba. Asubuhi unachomeka hii, mchana ile, usiku...

— Na Nasma atajua saa hizi imo ipi? akauliza Makame.

— Utamwambia.

— Kwa simu ipi?

Antena akanywa kahawa.

— Basi kuna njia nyingine. Nilishakuambia, mzee. Siku za vocha haziendi simu ikiwa imezimwa. Mashine ya kule kampuni haikuoni, itakuhesabuje? Ukizima, na siku zako zimesimama.

— Nilifanya hivyo, akasema Makame. — Jana.

Nikaweka kikombe chini.

— Jana uliizima?

— Kutwa. Niliona siku zinakwisha. Rahimu aliniambia.

— Nilisema usiku, mzee! Usiku!

— Hukusema usiku.

— Mtu mzima unajua mwenyewe kwamba...

— Hukusema usiku, Rahimu.

Makame alikuwa anammiminia Waziri, kahawa inamwagika nje ya kikombe, na hakuwa ameliona hilo. Waziri naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakulalamika.

— Na leo? nikauliza. — Leo imelia?

— Asubuhi, nilipoiwasha tu. Mmoja.

— Basi mmoja ni mzima! akasema Antena, na ungedhani yeye ndiye aliyemzaa. — Mtoto mzima, mzee mzima, tunywe kahawa.

— Ulikuwa mmoja, akasema Makame. — Lakini kama jana alibipu mmoja nami nimezima, halafu leo akabipu mwingine, huo wa leo ni wa kwanza au wa pili?

Gulzar akatoka nyuma ya wavu. Gulzar hatoki nyuma ya wavu hata mwezi ukiandama.

— Mlio wa jana hauwezi kuhesabiwa leo, akasema Waziri. — Ni kama fungu la bajeti. Mwaka ukifungwa, lililobaki linarudi hazina.

— Hazina gani inayozaa, Waziri? nikasema. — Aliye kule si bajeti, ana tumbo.

— Mimi natoa mfano tu, Mwalimu.

— Toa salio. Namba ya mwenye mashine si ipo? Mpigieni mmuulize. Dakika moja inatosha.

Antena akafungua kikoba, akaitoa simu, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akairudisha.

— Yangu kwa sasa inapokea tu, salio sina.

— Inapokea nini, na watu wakikubipu hupokei?

— Kanuni ni kanuni, Mwalimu.

— Waziri?

— Iko kwenye mchakato.

— Gulzar?

— Ya dukani nyaya ziliibwa tangu masika. Ya mkononi anayo mama watoto, Singida.

Basi hiyo ndiyo nguvu ya benchi letu. Tuna maneno ya kuendesha wizara mbili, na katikati yetu hakuna simu ya kuuliza hali ya mzazi mmoja. Nilidhani aibu ingetufunga midomo. Haikutufunga.

— Tatizo ni mwinuko, akaanza tena Antena. — Sisi tuko juu. Kutoka hapa sauti inapanda mlima, inashuka, inapanda tena hadi Haneti. Ndiyo maana salio linaliwa. Watu wa Dar wako sawasawa na bahari, sauti inateleza tu. Vocha ya mtu wa Dar inakaa mara mbili ya yetu.

— Si mwinuko, akasema Waziri. — Ni upepo. Bomba likiwa halina maji, mita si inazunguka kwa upepo na unaletewa ankara? Na hizi ni hivyo hivyo. Hapa kwetu upepo haukatiki, mita yao haisimami.

— Mita iko wapi, Waziri? akauliza Gulzar.

— Wangekuonyesha, ungelipa?

— Basi tuanzishe ushirika, akasema Antena. — Vocha moja, watu wote. Tunaikwangua kwenye laini ya mzee, kila mtu ana zamu yake ya kuwa mwenye namba. Jumatatu mimi, Jumanne...

— Na Nasma akizaa Jumatatu, nitakuomba wewe ruhusa?

Makame hakusema hivyo kwa ukali. Aliuliza kweli. Macho yake yalikuwa msumarini na mkono wake mfukoni, na nikamwona akiitoa nauli, akielekea kwenye wavu, akisimama, akiirudisha. Akarudi mezani. Akaenda tena.

— Gulzar, nipe moja.

— Una hakika?

— Sina. Nipe. Hapana, ngoja kidogo.

Katika kungoja huko ndipo alipofika mama mmoja na furushi la karanga kichwani. Alilishusha barazani akatuamkia sote kwa pamoja, shikamooni, ingawa mimi na Antena hatukustahili. Akasema anaitwa Generosa, ametoka Mlali, ameambiwa mwenye duka ananunua karanga. Gulzar akamwambia asubiri kidogo, kuna jambo. Makame akammiminia kahawa bila kuulizwa.

Simu ikalia.

Nguzo nzima ikatetemeka, au mimi niliona hivyo. Antena aliinuka nusu, Makame akamshika mkono.

— Usiguse! Utamlia salio mwenye mashine!

— Mmoja, akahesabu Waziri.

Ikaendelea kulia.

— Bado ni huo huo mmoja, akasema Waziri. — Haujakatika. Mpaka ukatike.

— Mbona mrefu? akauliza Gulzar.

— Anabipu kwa mkazo, akasema Antena. — Kuna kubipu kwa mkazo. Mtu akiwa na haraka.

— Haraka ya nini?

— Au kidole kimeganda kwenye kitufe.

— Ukikatika tunahesabu mmoja, akasema Makame, jasho linamtoka kwenye upepo wote ule. — Mmoja ni mzima. Ukija mwingine ndiyo njoo. Nyamazeni. Nyamazeni nisikie unavyokatika.

Tukanyamaza. Ninasema *tuka* kwa sababu nami nilinyamaza, na digrii yangu. Simu ikalia, ikalia, plastiki inachezacheza kwenye msumari, na watu wazima watano tumeinua vichwa kuitazama kama kuku wanaotazama mwewe.

Mama Generosa aliitazama simu, akatutazama sisi mmoja mmoja, akapuliza kahawa yake.

— Mbona hampokei? akauliza.

Gulzar akamtazama Makame, Makame akanitazama mimi. Nilitafuta jibu, na nikagundua kwamba jibu lote tulilokuwa nalo lilikuwa la mtu anayebipu, na anayebipu hangojei hivi.

Makame alipomwachia Antena na kunyoosha mkono, simu ikakatika.

Aliitoa msumarini, akaichomoa kwenye plastiki, akanipa. Nikasoma upesi namba iliyobaki kwenye kioo.

— Si ya mwenye mashine, nikasema. — Ni ya mezani. Inaanza kama namba za ofisi.

— Ofisi gani?

— Haijaandika, mzee.

— Ya mezani hawabipu, akasema Gulzar, kwa sauti ndogo.

— Zahanati wana ya mezani, akasema mama Generosa. — Kwetu zahanati ndiyo wana ya mezani. Wanapiga wakitaka ndugu.

Hakuna aliyemwuliza wanawatakia nini. Makame alinipokonya simu, si kwa ubaya. Hakuenda kwenye wavu. Hakulifunika dele la kahawa, hakuzima mkaa, hakuchukua hata kofia yake iliyokuwa juu ya meza. Alishuka barazani akashika njia ya stendi, nauli mfukoni, simu kaishika mbele yake kwa mikono miwili, kioo juu, kama mtu aliyebeba kifaranga. Laini yake ilikuwa na uhai hadi kesho. Mtandao ungempata na kumpoteza njia nzima.

Antena alikimbia hadi ukingo wa baraza.

— Mzee! Mzee Makame! Ikilia tena...

Makame aligeuka, akasimama katikati ya vumbi, akasubiri amalizie.

Antena alikuwa ameinua mkono. Alibaki nao hewani, kati ya pokea na usipokee, kisha akaushusha, akakaa chini.