Sketi ya Pindo la Vidole Vinne

Jumamosi, siku mbili baada ya kumzika fundi Ndaki, benchi la mkabala na stendi ya Masumbwe lilijaa kama kawaida, ila kahawa aliyouza Shaaban ilinyweka kwa shida. Ng'ambo ya barabara, cherehani ya marehemu ilikuwa imefunikwa kanga. Watu wale walimpenda, tusiwasingizie. Nani pale hajashonewa na Ndaki? Tepu hakuitaka. Alipima kwa uzi, akapiga fundo la kiuno, fundo la goti, akaufunga kwenye nguo yenyewe, wala jina haandiki. Sare za shule aliziachia pindo la vidole vinne, na mtoto akirefuka alimfumulia bure. Jioni alifunga kazi akaenda kwa mkewe na wanawe, basi.

Walichoshindwa kukubaliana ni kilichomuua.

— Kifua kile ni vumbi la maduara, alisema Mageni, aliyeitwa Wakili kwa kupenda kubisha.

— Fundi cherehani na mashimo ya dhahabu wapi na wapi? Yule karogwa. Kuna mtu kaiba uzi wake kaupeleka kwa mganga.

Huyo alikuwa Enock, mchenjuaji wa dhahabu, ambaye kijiwe kilimwita Mkemia. Wakili akasema kama ni uzi, basi walioupeleka ni mafundi wa Geita, wivu tu. Mkemia akaapa kwamba uzi umefukiwa chini ya cherehani, wakachimbe. Shaaban akawaambia waone haya.

Amosi wa bodaboda alikuwa akiifuta pikipiki iliyokwisha kung'aa. Jumatano asubuhi Ndaki alimshika mkono, anahema, akamwomba ampeleke hospitali.

— Nakuja sasa hivi, fundi, alimjibu.

Mbele kidogo akapata abiria wa machimboni, safari ya hela nzuri, akajiambia fundi atangoja. Aliporudi jioni, turubai la msiba lilishatundikwa nyumbani kwa fundi.

Mara Mama Nelly, mjane wa Ndaki, akavuka barabara na sketi ya shule ya buluu mkononi, uzi unaning'inia.

— Pole, mayu, pole mama, wakamwambia.

Akaitikia, akasimama mbele ya benchi.

— Alikaa mlangoni amevaa viatu. Akaniambia mwenye sketi hii anakuja na pikipiki kumchukua. Ni ya mtoto wa nani?

Wakili akaikagua sketi kutafuta jina. Mkemia akatikisa kichwa. Amosi akainamia kikombe chake. Jumatatu binti yake Loveness alikuwa anaanza darasa la kwanza.

 Mama Nelly akaikunja sketi, akaiweka kwenye benchi.

— Mwenyewe ataichukua, akasema, akarudi kwake.

Kahawa ikaisha, wakatawanyika mmoja mmoja. Amosi alibaki na aibu yake. Akaigeuza sketi, akapima pindo kwa mkono wake. Vidole vinne kamili. Loveness ataivaa miaka, na kila akirefuka, itabidi baba yake aifumue mwenyewe.