Mlango wa Klabu Uliponguruma

Bwana Pantaleo Makoye, fundi umeme wa mgodi wetu hapa Geita, anastaafu tarehe 31 Desemba 1958 baada ya kutumikia miaka ishirini na mmoja. Anarudi kwao Tinde.

Wengi wanamjua kwa taa za mashimoni. Wacheza dansi wanamjua kwa besi. Klabu ya wafanyakazi iliponunua gitaa la besi la umeme, wapigaji walilalamika kwamba lina sauti ya usingizi. Mzee Pantaleo alilichukua kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Akajifunza kuzivuta nyuzi karibu kabisa na daraja lake, kile kibao kinachozibeba chini, pale zilipokaza, kwa kidole chenye sugu. Kikuza sauti alikifungua mpaka spika ianze kutetemeka, kisha akakirudisha kidogo. Gitaa likanguruma kama mbwa aliyeshika mfupa. Waliomwuliza siri yake aliwajibu, "Usilipige. Liudhi tu."

Tangu mkewe, Justa, afariki, ameishi peke yake kambini. Kwenye dansi alisimama ukutani, nyuma ya wenzake, akisema waya ni mfupi. Fundi umeme mzima! Angeweza kuurefusha wakati wenzake wanakunywa chai. Hatukuwahi kumwuliza kwa nini hakufanya hivyo.

Jumamosi iliyopita kamati ya klabu ilimzawadia gitaa hilo. Tulipiga makofi sana, mpaka Paskalina, mpishi wa klabu, alipouliza, "Sasa huko Tinde atalichomeka wapi, jamani? Kwenye mkia wa ng'ombe?"

Watu walicheka, kisha wakaigeukia kamati. Tumezoea umeme wa mgodi kiasi kwamba kamati nzima ilisahau kuwa anakokwenda taa ni kibatari.

Mzee Pantaleo alilitazama gitaa. Halafu akaenda mlangoni, akakigandamiza kichwa cha gitaa kwenye ubao, akauvuta uzi mnene kuliko zote. Nilikuwa nimeuegemea mlango huo, maana huwa nakaa nyuma. Mngurumo niliusikia mgongoni kabla haujafika masikioni.

"Basi," akasema, "mlango ninao."

Mzee wetu, ahsante kwa taa, na kwa miguu yetu uliyoichezesha huku wewe umesimama ukutani. Tunakutakia afya njema na siku nyingi. Zaidi ya hayo tunakuombea jirani: ausikie mlango wako ukinguruma, apige hodi, aingie, akae.