Taratibu na Tundu la Siku Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, fundi wa kunyoosha bodi tunayemwita Taratibu atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia karakana yetu miaka thelathini na minne na miezi miwili. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike maneno machache ya furaha kwa ajili ya jarida, kwa kuwa mimi ndiye mtunza stoo na nimempa misasa na tupa kwa muda mrefu kuliko yeyote aliyebaki. Nimepewa na karatasi ya mfano yenye nafasi za kujaza. Kwenye nafasi ya cheo wameshanijazia wenyewe: Fundi Daraja la Pili.

Furaha ipo, na nitaiandika. Lakini cheo hicho kimenikaa kooni, na sijazi nafasi nyingine mpaka nieleze kilivyopatikana.

Jina la Taratibu hakulipata kwa uvivu. Alipoajiriwa, mafundi wa bodi wa hapa walikuwa wakipiga bati kama watu wanaoua nyoka. Yeye alilaza shavu juu ya bati, akagonga kwa ncha ya nyundo, akasikiliza, ndipo akagonga tena. Ukimuuliza kazi itaisha lini alijibu neno moja tu, na neno hilo likawa jina lake. Nyundo zake ni saba, kila moja ina kitambaa chake, na ukiifunga kwenye kitambaa cha mwenzake atajua kabla hajaifungua. Aliwahi kunyoosha mlango wa pikapu hadi mwenye gari akakataa kuichukua, akidai amebadilishiwa. Mkewe anatuambia nyumbani ni hivyo hivyo: akitumwa kufunga dirisha, mvua inaanza na kukatika bado anakagua bawaba.

Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi bega kwa bega na mpaka rangi wetu, marehemu mume wangu, ambaye wengi mtamkumbuka kwa jina la Rangi Mbili. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, alipopaka milango miwili ya gari moja weupe wa aina mbili na kuapa kwamba ni jua linadanganya. Taratibu alinyoosha, mume wangu akapaka. Walikunywa chai kwa zamu katika kikombe kimoja cha bati, kwa sababu cha pili Taratibu alikuwa anakitengeneza mpini na hajamaliza hadi leo. Mimi aliniita shemeji tangu wiki yangu ya kwanza stoo. Mume wangu alimkasirikia sana, maana wakati huo alikuwa bado hajanitongoza.

Kazi yao kubwa kuliko zote ilikuwa gari la daktari wa meno. Wageni katika karakana huenda hawajui habari zake, ingawa picha yake iko mapokezi, juu ya kiti cha wateja. Ni gari la michezo la Kijapani la zamani, la viti viwili, lenye pua ndefu na mgongo mfupi. Lililetwa juu ya lori likiwa limefunikwa turubai, miaka kumi na mmoja iliyopita. Vioo vyake vya pembeni havikai milangoni kama vya magari ya siku hizi. Vinakaa mbele kabisa, juu ya madigadi, yaani yale mabati yanayofunika magurudumu ya mbele, vimesimama kwenye vijiti vyembamba kama pembe za konokono. Au niseme vilipaswa kusimama. Vilikuja ndani ya kopo la biskuti: kimoja hakina kioo, kingine kijiti chake kimevunjika, skrubu zote zimeota kutu.

Meneja alishauri vitafutwe vya plastiki vya gari jipya, vibandikwe milangoni, kazi iishe. Taratibu hakubishana naye. Alichukua kopo la biskuti akaliweka kwenye meza yake, na kila meneja alipopita alikuta skrubu moja zaidi imelala kwenye kisahani cha mafuta ya taa.

Kijiti kilichovunjika alikichonga upya kutoka kwenye kipande cha shaba, kwa tupa na mkono, siku tisa. Kioo alikikata kutoka kwenye kioo kikubwa cha lori kilichopasuka, kwa kuwa kilikuwa na tumbo la kiasi kile kile alichohitaji, kisha akakisugua kingo kwa msasa wa maji hadi kikaingia kwenye nyumba yake bila kulazimishwa. Raba ya kukalia vioo aliikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Kromu ilichovywa na fundi anayechovya bomba za mabafuni, ambaye hakuamini kwamba vile vidude ni vya gari.

Sasa nifike kwenye matundu, maana ndiko ninakokwenda tangu mwanzo.

Madigadi zote mbili zilikuwa zimewahi kubadilishwa na hazikuwa na matundu ya kufungia vioo. Ilibidi yatobolewe mapya, mara moja, bila kukosea. Kwenye gari lile, kioo cha kushoto kinakaa mbele kidogo kuliko cha kulia, ili dereva anayekaa kulia akione vizuri. Taratibu alikata kipande cha katoni kwa umbo la madigadi ya kulia, akatia alama mahali pa tundu, akatoboa. Katoni ya kushoto alisema ataikata akirudi, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa anakwenda kwa mchovya kromu. Mnyoosha bodi hukata katoni mbili daima, moja ya kila upande. Mpaka rangi hana desturi hiyo. Yeye hukata gazeti moja la kuzibia kioo cha mbele au taa, akimaliza upande huu analigeuza na kulitumia upande wa pili, na miaka yote mambo huenda sawa.

Taratibu aliporudi mchana alikuta tundu la kushoto limeshatobolewa, vidole viwili nyuma ya mahali pake.

Kikao cha nidhamu kilikaa kesho yake. Walikuwa watu watatu, na birika niliyowawekea ilikuwa haijachemka walipotoka. Hawakuomba kuiona ile katoni. Hawakufungua daftari la lango, lililokuwa mezani kwa mlinzi, hatua kumi kutoka mlango wa kikao, lenye saini ya Taratibu kutoka saa tatu na kurudi saa nane. Waliuliza swali moja: nani fundi wa gari hili? Akajibu kwamba ni yeye. Wakaandika barua yenye neno uzembe, wakaigonga muhuri, wakaitia kwenye jalada lake.

Taratibu alikata duara la bati lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akalichomelea kwenye lile tundu, akalipiga, akalisugua. Kisha akatoboa jipya mahali pake. Mume wangu akapaka. Daktari wa meno alipitisha kidole pote mara mbili na hakuweza kusema kiraka kiko upande gani. Tundu lile liliishi siku nne. Barua imeishi miaka kumi na mmoja.

Na haikukaa bure humo jaladani. Nafasi ya msimamizi wa karakana imetokea mara tatu tangu wakati ule. Mara tatu mafundi walimtaja Taratibu, na mara tatu ofisi ilifungua jalada, ikasoma neno moja, ikalifunga. Wawili kati ya vijana aliowashikisha nyundo wamempita. Wanamwamkia kwa heshima, siwalaumu. Nawalaumu waliokuwa wakipita kila siku mapokezi, chini ya picha ya gari lile, wakiwaonyesha wateja vioo vile kama fahari ya karakana, kisha wanapanda ghorofani kumwita aliyevitengeneza mzembe. Picha hiyo ina maandishi chini. Imeandikwa jina la karakana. Jina la fundi halimo.

Mume wangu alifariki miezi kumi na minne iliyopita, kwa mapafu. Nilichelewa kugusa vitu vyake. Mwezi wa pili mwaka huu nilifungua mfuko wa ovaroli uliokuwa nyuma ya mlango, na chini kabisa nikakuta kipande cha katoni kilichokatwa kwa umbo la madigadi. Upande mmoja kimeandikwa Kulia, kwa herufi za Taratibu zilizonyooka. Nikakigeuza, upande wa pili kimeandikwa Kushoto, kwa mwandiko ninaoujua kwenye kadi zote za arusi yangu. Pande zote mbili zina unga wa bati uliotoka kwenye keke ya kutobolea.

Nilikaa nacho kitandani. Mume wangu hakuwa mtu wa kubana siri, hata zawadi alikuwa akinionyesha kabla hajaifunga. Hili alilibana miaka kumi. Wakati ule alikuwa na barua mbili za utoro, zote za siku za kliniki, maana hapa kwetu kukohoa kulihesabiwa utoro. Barua ya tatu ilikuwa kufukuzwa. Siku ile alitaka kumaliza kazi ya rafiki yake kabla ya kliniki ya kesho. Simtetei. Alipaswa kusema. Lakini pia nataka ijulikane ni karakana gani inayomfanya mgonjwa aogope kusema kwamba amekosea kutoboa tundu.

Nilimpelekea Taratibu ile katoni kwenye meza yake. Aliiangalia sana, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Shemeji," alisema, "tundu nililiziba mwenyewe. La nini kulifungua tena?"

Nilimweleza la nini. Jalada linafungwa siku ya kustaafu, na kilichomo ndicho kinachonakiliwa kwenye cheti cha utumishi. Chuo cha ufundi kilicho jirani kimemwomba akafundishe siku mbili kwa wiki, nacho kinataka cheti hicho. Nilikwenda ofisini kuuliza, nikaambiwa barua haitolewi mpaka mhusika mwenyewe aandike rufaa. Yeye akakataa kuandika. Hakukataa kwa ukali, kwa sababu hajui kukataa kwa ukali. Alianza kufunga nyundo zake.

"Mimi naondoka hapa na miguu yangu," alisema. "Yeye kabakisha jina tu."

"Na jina hilo nimeachiwa mimi," nikamwambia.

Basi nikaandika maelezo mimi, kwa mkono wangu, kwamba mume wangu ndiye aliyetoboa, na nikaambatanisha katoni. Taratibu aliyasoma kwa muda ambao mtu mwingine angenyoosha boneti. Alirekebisha kitu kimoja. Nilikuwa nimeandika vidole vitatu. Alifuta, akaandika viwili, akasema kama tunaandika basi tuandike kipimo cha kweli. Kisha akatia saini.

Ofisi ilituambia rufaa itasikilizwa kwenye kikao kijacho. Kikao kijacho ni tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Kuandika barua ile kuliwachukua muda usiotosha birika kuchemka. Kuitoa kulihitaji kalenda.

Ndiyo maana nimeyaandika haya hapa, kwenye jarida ambalo kila mmoja wetu hulipata, kuanzia mlinzi hadi wakurugenzi. Rasimu ilipita kwa meneja kama ilivyo kawaida. Nilijiandaa kurudishiwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Imerudi haijafutwa neno. Chini yake ameandika kwamba barua imetolewa jaladani leo asubuhi, na cheti kitatoka bila neno lile. Nashukuru. Hakuandika samahani, ingawa karatasi ilikuwa na nafasi.

Nafasi ya cheo nimeijaza upya. Nimefuta daraja, nimeacha neno Fundi. Linatosha.

Imebaki kumbukumbu moja, na ni ya furaha kama nilivyoombwa. Vioo vya gari lile dereva hawezi kuvifikia kwa mkono akiwa amekaa, kwa hiyo kuvirekebisha kunataka watu watatu. Taratibu alikaa kwenye usukani. Mume wangu alisimama mbele akisukuma kioo kwa kidole. Mimi nilitumwa uani nyuma ya gari nikiwa na ndoo nyekundu ya stoo, nikaambiwa nitembee hadi fundi aione kwenye vioo vyote viwili. Nilitembea ua mzima nikirudi kinyumenyume, ndoo juu, mpaka mgongo wangu ukagusa lango. Mume wangu alicheka hadi akakohoa. Taratibu hakucheka. Alisema bado kidogo, bado kidogo, kisha akasema hapo hapo.

Daktari wa meno ametuahidi kwamba Ijumaa atakuja na gari lile kumchukua, na usukani atampa yeye. Kwa niaba ya wote waliojifunza kwako, Fundi, na kwa niaba ya mmoja aliyechelewa kusema, ahsante. Mungu akujalie afya, nyumba tulivu, na madirisha yasiyo na haraka.

Ukitoka langoni usigeuke nyuma, barabara ile ina magari. Tazama vioo vyako. Nitakuwa nimesimama katikati ya ua na ndoo nyekundu.