Oili Iliyozidi ni ya Nani

Benchi ni langu. Nalisema mapema, maana ukiwaona wanavyolikalia utadhani walizaliwa juu yake. Nililiweka nje ya duka langu la ushonaji ili wateja wapumzike nikiwamalizia pindo, lakini siku hizi wateja wanasubiri wamesimama. Benchi limetekwa na watu watatu wasio na gari hata moja, na tangu Jumatatu hawakuwa na kazi nyingine ila kubishana kuhusu oili ya gari la mtu wa nne.

Huyo wa nne ni Pembetatu, kinyozi wa mlango wa pili. Gari ni la marehemu baba yake, la milango miwili, zamani lilikuwa jekundu na sasa lina rangi ya tofali. Injini yake haina pistoni. Ndani kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka, na kinyozi wetu aliwasimulia wateja wake habari hiyo wembe ukiwa shingoni mwao, hawana pa kukimbilia, mpaka jina likamganda. Injini za aina hii hunywa oili. Si ubovu, ndivyo zilivyoundwa, zinaichoma kidogo kidogo pamoja na petroli. Sasa inywe oili gani? Hapo ndipo benchi langu lilipoharibika.

Na haikuwa mchezo, kwa sababu Jumamosi ya wiki hiyo mdogo wake Pembetatu alikuwa anaolewa. Baba yao alimwahidi binti yake tangu mdogo kwamba siku ya harusi atatoka kwa gari hilo na si jingine. Akafariki, gari likalala chini ya turubai miaka, na kaka mtu akalihangaikia mpaka Jumatatu likawaka. Lakini upande wa bwana harusi kuna ami mwenye gari kubwa jeupe, na alishatuma salamu kwamba hiki chuma chenu kikigoma, yeye yupo. Pembetatu alinieleza hayo akijaribu koti la suti dukani kwangu, machozi yakimlengalenga.

— Dada Fundi, likizima njiani na mdogo wangu yumo ndani, sijui nitamwambia nini baba.

Asubuhi ya Jumamosi nikawapikia kahawa birika zima, nikidhani midomo ikiwa na kazi itapumzika. Wote walikuwa wameshavaa suti. Wa kwanza kuanza alikuwa Mzito, fundi rangi wa majumba, anayeamini oili nzito ya kawaida, ile inayomiminika kama haitaki.

— Ukuta ukiupaka rangi nyepesi, mvua moja tu umekwisha. Injini ni ukuta, ila huu unazunguka.

Maabara akacheka kwa pua. Yeye anauza kwenye duka la dawa, na kwake kitu kisichotengenezwa na watu wenye makoti meupe si kitu.

— Oili yako imechimbwa ardhini, kaka. Ina uchafu wa tangu dunia iumbwe. Weka ya maabara. Wewe unaweza kumeza kidonge kilichochimbwa?

— Hiyo yako ya maabara haikubali kuungua, akajibu Mzito, inabaki ndani kama masizi. Injini hii inataka oili iliyokubali kufa.

Wa tatu, Fundi Saa, alikuwa anapuliza kahawa yake kwa utaratibu wa mtu anayejua mwisho wa maneno ni wake.

— Kitu kinachozunguka bila kupanda wala kushuka ni saa, alisema. Mmewahi kuona saa imetiwa oili ya trekta? Inataka oili nyepesi, ya cherehani.

— Saa haibebi bi harusi, akasema Mzito.

— Inabeba wakati. Na wakati ni mzito kuliko bi harusi.

 Jambo moja tu ndilo walilokubaliana wiki nzima, na walilirudia kila siku kama kiapo, kwamba oili hazichanganywi, anayechanganya ameua injini. Na cha ajabu, kila asubuhi gari liliwaka vizuri kuliko jana, na kila mmoja wa hawa watatu alikuwa anatabasamu peke yake kwenye kikombe. Mimi nilikuwa na langu la kunishangaza. Kopo langu la oili ya cherehani, nililolinunua juzi juzi, lilikuwa linaisha, na cherehani yangu haijaanza kunywa.

Pembetatu akatoka saluni, uso umenyolewa, roho haijatulia. Akawaambia amechoka. Anataka kumwaga oili yote, aweke moja, na waseme sasa hivi ni ipi kabla mdogo wake hajafika kuvaa gauni. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kisha akabaki amekishika tu.

— Imezidi, alisema.

Tukasogea wote. Jumatatu alijaza mpaka kwenye alama. Injini inakunywa, imewashwa kila siku, oili ilipaswa kushuka. Badala yake ilikuwa juu ya alama kwa upana wa kidole gumba.

— Ni jasho, alisema Mzito baada ya kufikiri. Miaka yote chini ya turubai ilivuta unyevu. Sasa inautoa.

Maabara alikataa jasho. Alieleza kwamba oili ikipata joto la pembe tatu chembechembe zake hugawanyika, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na kwamba kwenye dawa wanaliona hilo kila siku. Nikamuuliza kama vidonge dukani kwake vinazaana. 

— Inazunguka kinyume, alisema Fundi Saa. Ikienda mbele inakunywa, ikienda kinyume inatapika. Tukiiacha hivyo mwezi mmoja hapa tutafungua kisima.

Pembetatu alikuwa bado anakiangalia kijiti.

— Au ni baba, akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Mzito alivua kofia. Hata Maabara akainamisha kichwa, kisha, kwa adabu zote, akauliza kama marehemu anaweza kuulizwa anatumia oili ya namba ngapi.

Hapo nikaingia ndani, nikatoka na kopo langu, nikaligeuza juu chini mbele yao. Halikutoka hata tone.

— Na hili nalo amelinywa marehemu?

Fundi Saa akaangalia saa yake. Akaiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Mwishowe akakiri kwamba kila jioni, nikifunga hesabu zangu, alikuwa anachota vifuniko viwili vitatu na kwenda kuisaidia injini. Mzito akaruka hatua nzima.

— Umechanganya. Wewe mtu ni muuaji. Ndiyo maana mimi kila nikiongeza yangu…

Akajiziba mdomo, lakini alikuwa ameshachelewa.

— Kila ukiongeza yako? akauliza Maabara kwa sauti ya hakimu.

— Kidogo tu. Nilitaka Pembetatu aone tofauti mwenyewe.

— Sasa mnaona. Watu wazima hamna haya. Mimi naingia na chupa yangu ya bei, najinyima, kumbe nyinyi mnamwagia humo humo takataka.

Alipomaliza kusema ndipo Maabara alipojisikia. Pembetatu hakugomba. Alikaa chini kwenye bampa na suti yake, akasema wamempikia supu.

Bi harusi alitukuta hivyo hivyo. Alikuja kwa miguu kutoka kusukwa, viatu mkononi, simu ikilia. Aliyepiga ni ami wa gari jeupe. Akaizima. Nikamweleza yaliyotokea, maana wanaume walikuwa wanaangalia lami. Akakichukua kijiti, akakitazama, akawatazama wao.

— Sawa. Hii iliyozidi ni ya nani?

 Wiki nzima kila mmoja alikuwa na oili iliyolifufua gari. Sasa ukisema iliyozidi ni yako, ndiyo ya kumwagwa. Ukisema si yako, basi yako ndiyo iliyobaki ndani, na likizima mbele ya wakwe tunajua wa kumshika. Nikamwona Mzito akifungua mdomo, akautia kahawa.

— Basi kama haina mwenyewe, ipunguzeni.

Kila mtu akaitazama suti yake. Pembetatu akavua koti, akanipa, akatandika gunia na kuingia chini ya gari na spana. Mdogo wake akachutama pembeni, akaongea na miguu ya kaka yake.

— Kaka. Baba alikuwa anaweka oili gani?

Chini spana ikaacha kuzunguka.

— Iliyokuwepo, alisema Pembetatu.

Yule binti akacheka, na katika kucheka akalia, nikamvuta ndani nikamvalishe gauni kabla hajaharibu uso. Tulipotoka, kaka mtu alikuwa amesimama na doa jeusi kifuani, la ukubwa wa kiganja. Nikamfunga vifungo vya koti juu yake. Bi harusi akakaa mbele, mimi nikajibana nyuma na mkia wa gauni mapajani. Pembetatu akashika ufunguo, akafumba macho, akazungusha.

Likawaka papo hapo, likanguruma mpaka vioo vya duka langu vikatetemeka.

— Yangu hiyo, wakasema watatu kwa pamoja.

Tukaondoka. Kahawa ilikuwa imeisha, na hao watatu, walioalikwa kama sisi, hawakuwa na mtu wa kuwabeba, ila nadhani hawakuwa wamelikumbuka hilo. Niligeuka nikawaona kupitia kioo cha nyuma, wamesimama katikati ya barabara ndani ya moshi wetu na suti zao safi, kila mmoja akiunusa, akitafuta wa kwake.