Mgongo wa Mwanamume Una Mfupa Mmoja

Benchi letu liko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, na mimi ndiye muuza kahawa wake. Asubuhi hiyo wateja wangu watatu walikuwa wameinamia drafti toka kunakucha. Mmoja, Jembe, jina tulilompa kwa kumsuta, alikuwa na balaa. Mkewe kajifungua juzi, miche ya mpunga imefikisha mwezi kitaluni, na zamu yao ya maji inaisha leo jioni. Isipopandikizwa leo, msimu umekwenda. Alikuja kutaka ushauri, na ushauri ndio kitu pekee ambacho hakijawahi kutupungukia.

— Kapandikize mwenyewe, nikamwambia.

Jembe akanitazama kana kwamba nimemwambia akanyonyeshe.

— Kaka, yangu nimemaliza. Majaruba nimetengeneza, maji nimeingiza. Kupandikiza ni kwa kina mama.

— Hilo ni la kitaalamu, akadakia Dokta, ambaye aliwahi kumchoma ng'ombe sindano, ng'ombe akapona, basi. Mgongo wa mwanamume una mfupa mmoja, mrefu, umenyooka. Ukiinama nusu saa unakatika.

— Na palizi? nikauliza.

— Mfupa uleule.

— Na kupepeta?

— Hapo ni kiwiko.

— Na kuuza gunia?

— Gunia linasimama wima. Hilo tunaliweza.

Waziri, tuliyempa cheo hicho kwa ajili ya tumbo na ahadi zake, akasogeza kete bila kuinua kichwa.

— Mnasahau kwamba kupandikiza unakwenda kinyumenyume. Mwanamume akirudi nyuma kutwa nzima, jioni anapitiliza kwake. Tena mpunga wenyewe unajua. Babu yangu alipandikiza jaruba moja tu, ukaota ndevu.

— Kuna mpunga wenye ndevu siku zote, nikasema.

— Basi huo ulipandwa na wanaume, akajibu Dokta.

Jembe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kisha akakumbuka maji, akanywea.

— Lakini jamani, huyu mtoto atakula nini?

— Subira, akasema Waziri. Mchumia juani hulia kivulini. Sisi kivulini tumeshafika, nusu ya methali tumemaliza.

Ndipo akatokea mama mkwe wake Jembe, tope hadi magotini, kichwani beseni la miche aliyoing'oa kitaluni peke yake. Jembe akainuka mbio.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Kaa tu.

Dokta, kwa heshima zote, akamweleza habari za ule mfupa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayejifunza. Halafu akalitazama drafti, akatutazama sisi.

— Nimekuelewa, mwanangu. Na hapo mmeinama toka saa ngapi?

Dokta akakichunguza kiwiko chake. Waziri akaanza kutafuta kete ambayo haikupotea. Jembe, masikini, alikuwa ameshaanza kukunja suruali. Mimi nikacheka, nikacheka sana, maana swali halikunihusu. Mimi nauza kahawa.

Mama akatua beseni. Miche ilikuwa imefungwa mafungu manne, na wateja wangu ni watatu. Nikainamisha birika nimimine kahawa nyingine, likatoa machicha matupu.