Bi. Philomena Zabriskie na Waya wa Sikio la Mwenyekiti

Ijumaa tarehe 28 Juni, Bi. Philomena Zabriskie anastaafu baada ya kuitumikia Bodi ya Kodi za Nyumba ya mji wetu wa Vanderkill kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi ameniomba mimi, Everett Ten Broeck, niliyekuwa mwenyekiti wa bodi hiyo, niandike wasifu wake, akanionya nisizidishe ukurasa mmoja. Daktari naye amenionya nisipange mambo ya vuli, huenda nisiifikie. Basi niseme mapema: kuna jambo kuhusu kikao kimoja ambalo nimelificha kwa miaka kumi na tisa, na aliyebeba mzigo wake ni Philomena.

Aliajiriwa baada ya kiwanda cha kofia alikofanya kazi kufungwa. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wasemaji, kuwasha maikrofoni, na kupiga kengele kila msemaji anapomaliza dakika zake mbili. Kila Juni bodi huwasikiliza wananchi kabla ya kuamua kodi za nyumba zipande kiasi gani, au zisipande kabisa. Wajumbe ni watano: wawili wa wapangaji, wawili wa wenye nyumba, na mwenyekiti, ambaye hudhaniwa hana upande.

Siku ya kikao wenye nyumba wetu huvaa makoti yaliyotoboka viwiko, na magari yao huyaegesha nyuma ya kanisa yasionekane. Wapangaji, kwa kuwa wanakwenda mbele ya serikali, huvaa suti za harusi na kofia za Pasaka. Mgeni akiingia ukumbini angewachangia wenye nyumba nauli ya kurudi kwao.

Philomena hakudanganywa na koti wala kofia. Bwana Salvatore Pellicano, mwenye majengo kumi na manne, aliwahi kuililia bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto mpaka akapaliwa. Kengele ikalia.

"Muda wako umekwisha, bwana."

"Binti, mimi nafilisika hapa!"

"Filisika ukiwa umekaa, bwana. Kuna foleni."

Mwaka mwingine mpangaji mmoja alileta panya aliyekufa, ndani ya chupa ya kachumbari, kama ushahidi. Philomena alimwandika kielelezo namba tatu, akatoa stakabadhi.

"Hii ya nini tena?" akauliza yule mpangaji.

"Ya kuja kumchukua, mzee. Hapa hatuna pa kumlaza."

Mchungaji wake mwenyewe alikatwa katikati ya aya ya Biblia. Jumapili iliyofuata, nasikia, mahubiri yalikuwa mafupi.

Mimi nilipofika miaka sitini na sita, masikio yangu yalistaafu kabla yangu. Mwenyekiti asiyesikia, kwenye kikao cha kusikiliza! Mji mwingine ungeona aibu. Wetu uliniongezea muhula. Philomena ndiye aliyeniokoa. Alivuta waya kutoka kwenye maikrofoni, akaupitisha chini ya meza, akauingiza sikioni mwangu. Wajumbe wengine walisikia kwa masikio waliyozaliwa nayo. Mimi nilisikia kwa waya wa Philomena, na taa nyekundu kwenye meza yake ilionyesha kwamba unafanya kazi.

Sasa nifike kwenye kikao chenyewe. Nilikuwa na miaka sitini na minane. Swali lilikuwa moja: kodi zibaki zilipo, au zipande kwa asilimia tisa. Vanderkill tuna desturi ya kupeana dakika: ukijiona huna maneno, unampa jirani dakika zako mbili. Jioni ile watu saba walisimama mmoja mmoja, wakasema, "Zangu mpe Altagracia," wakakaa. Bi. Altagracia Rosado, mfuaji wa nguo za hospitali na mpangaji wa Pellicano, akawa na dakika kumi na sita.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "mimi sina karatasi, nina magoti. Miaka ishirini na sita nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Kodi ikipanda, nitazishuka mara moja tu, na sitarudi."

"Si uhamie ghorofa ya chini, mama!" Pellicano akapaza sauti kutoka safu ya pili.

"Ya chini umewapa panya, tena hao huwadai hata senti!"

Ukumbi ulicheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha akaendelea, bila kicheko, akawataja wazee wa jengo lake kwa majina. Dakika ya kumi na sita ilipotimia Philomena alipiga kengele, lakini mara hii aliigusa kwa kidole tu.

Kura zikawa mbili kwa mbili. Nikainua mkono pamoja na wenye nyumba.

Kesho yake mwandishi wa gazeti aliniuliza nilichofikiria kuhusu maneno ya yule mama. Nikamjibu kwamba sikuyasikia, waya haukuwa na sauti. Meya wa wakati ule alihitaji mkosaji mdogo kuliko mimi, na waya ulikuwa wa Philomena. Akaandikiwa barua ya onyo kwa uzembe. Ukarani mkuu, uliokuwa umefika mlangoni kwake, akapewa bwana asiyejua hata kengele hupigwa kwa mkono upi. Bi. Altagracia alihamia kwa binti yake, mjini Scranton, kabla theluji haijaanguka.

Philomena alinijia mara moja tu. "Mwenyekiti, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Niliitazama mwanzo mpaka mwisho."

"Taa si sauti, Philomena."

"Haya, mzee. Masikio ni yako."

Juni iliyofuata alileta waya mpya, akaniwekea mwenyewe, akanong'ona kwenye maikrofoni: "Unanisikia?" Nikaitikia kwa kichwa. Kwa miaka saba mingine, mpaka nilipoondoka, aliniuliza hivyo kila kikao.

Ile barua ingali kwenye faili lake. Kwa kanuni zetu, mwenye barua ya onyo haandikwi kwenye ubao wa shaba wa wastaafu pale mlangoni, na fundi anachonga majina Alhamisi. Naomba wakubwa wauone ukurasa huu kabla ya siku hiyo, waitoe barua hiyo, na jina la Zabriskie lichongwe.

Dada Philomena, asante kwa kila dakika uliyoipima kwa haki. Nenda kwenye nyanya zako na wajukuu zako, uishi miaka mingi, na asikukate mtu maneno. Waya wako ulikuwa mzima. Nilimsikia Bi. Altagracia tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na nilipoinua mkono nilikuwa namtazama Pellicano kwa hofu, kwa sababu nyumba niliyokaa, ya Mtaa wa Mulberry, ambayo mji mzima uliamini ni yangu, ilikuwa yake, nami nilikuwa mpangaji wake.